Rangi, Hewa na Ziwa Kivu

Kibanda cha kupulizia rangi nyumbani ni sanduku lililo wazi upande mmoja, lenye chujio mgongoni, feni nyuma ya chujio, na bomba la kupeleka hewa nje ya nyumba. Anayepaka huweka kazi yake ndani ya sanduku, iwe kigari cha mbao, kinyago, gitaa au tangi la pikipiki, kisha hupuliza akiwa upande ulio wazi. Hewa ya chumba hupita kwake kwanza, ikaifikia kazi, ikaingia kwenye chujio na kutoka. Wanunuzi wengi hutazama sanduku na taa zake, wakayaacha bomba na tundu la ukutani yawe mambo ya baadaye. Uchaguzi mzuri huenda kinyumenyume: huanza na mahali hewa itakapotokea, kisha feni, na sanduku likaja mwisho. Sababu ni kwamba kibanda hakina uwezo wa kuiondoa sumu duniani. Kazi yake ni kuihamisha, na kila inapohamia pana mtu.

Katika Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, jambo hilo linaeleweka upesi kuliko kwingine. Wakazi wa huko na wenzao wa Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, wameishi na gesi za ardhini vizazi na vizazi. Volkeno ya Nyiragongo hutoa moshi wa salfa juu ya vichwa vyao. Kandokando ya ziwa upande wa Goma, na kuelekea Sake, ardhi ya volkeno huvuja kaboni dioksidi inayotuama mabondeni usiku usio na upepo. Watu huiita mazuku, na imeua mbuzi, mbwa na watoto waliopita mahali palipoonekana salama kabisa. Haina rangi, na mtu mzima anaweza kusimama penye hewa safi huku mnyama aliye miguuni pake anakata roho. Kaboni dioksidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Mvuke wa tolueni, kiyeyushi kinachopatikana katika aina nyingi za tina ya kuzimulia rangi, ni mzito mara tatu na zaidi. Butani inayosukuma rangi katika makopo ya kupuliza ni nzito mara mbili.

Ziwa lenyewe lina gesi ya tabia tofauti. Methani iliyoyeyuka katika vina vyake, ambayo tangu 1963 ilivutwa huko Rubona, kando ya ziwa, ili kuchemshia mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, ni nyepesi kuliko hewa na ikipata nafasi hupanda. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimejengwa kana kwamba kila hewa mbaya ina tabia hiyo: juu ya dirisha, karibu na dari, huachwa matundu ya kupitisha hewa. Yanafaa kwa joto na kwa moshi wa mkaa, ambao hupanda kwa sababu ni wa moto. Kwa mvuke wa tina hayasaidii kitu. Mvuke mzito huteremka kutoka mezani, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kwenda kulitafuta jiko. Mtu anayepuliza rangi katika chumba cha aina hiyo na kuamini kwamba matundu yanatosha, anapima usalama kwa pua yake iliyo mita moja na nusu juu ya hatari.

Hesabu ndogo inaonyesha ukubwa wa hatari hiyo. Lita moja ya tolueni ikikauka yote, kwa mwinuko wa Gisenyi, hutoa takriban lita 270 za mvuke. Mvuke huo huanza kuweza kulipuka ukifikia asilimia 1.1 ya hewa, yaani lita hiyo moja inatosha kukifikisha kwenye kiwango hicho chumba kilichofungwa cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya kawaida. Hakuna apakaye kigari cha mbao kwa lita nzima, ni kweli. Lakini sanduku lenye upana wa sentimita 60, kimo cha 45 na kina cha 45, likiwa limefunikwa na feni imezimwa, hufika huko kwa mililita tano tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Ndiyo maana kitambaa kilicholoweshwa tina hakiachwi ndani ya kibanda usiku.

Kabla ya kuuliza kibanda gani, lipo swali la kama kupuliza kwenyewe kunahitajika. Edward Said Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli na ubao laini, akitumia brashi, na mtindo wake ukaenea dunia nzima. Imigongo ya Kirehe, mashariki mwa Rwanda, yenye miraba na misumeno ya nyeusi, nyeupe na nyekundu, hufinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa kwa mkono. Brashi hutoa mvuke wa kiyeyushi kama kawaida, ila haitoi ukungu, na tofauti hiyo ni kubwa. Matone ya rangi yaliyopulizwa hutofautiana ukubwa. Makubwa huganda ukutani na puani, lakini yaliyo chini ya mikromita kumi hupita koo na kuingia ndani ya mapafu yakiwa yamebeba chembe za rangi zenyewe, pamoja na risasi au kadimiamu ikiwa rangi ina madini hayo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi katika rangi isizidi sehemu 90 katika milioni. Kopo lisiloandikwa lolote kuhusu risasi si la kupulizwa ndani ya nyumba, hata kama bei yake inavutia.

Ikiwa kupuliza hakuepukiki, kwa mfano katika kupaka nyuso zenye mikunjo au kupata rangi inayofifia polepole kutoka giza kwenda mwanga, rangi yenyewe huamua kibanda kiwe cha namna gani. Rangi ya maji ya akriliki ndiyo rahisi kuliko zote kuishughulikia. Haiwaki, mvuke wake ni maji kwa sehemu kubwa, na shughuli ya kibanda hubaki kukamata ukungu. Rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tina, na vanishi ya nitroselulosi wanayoipenda mafundi wa samani kwa kuwa hukauka upesi, huhitaji bomba la nje lisilo na mjadala. Kisha kuna rangi za magari za sehemu mbili, zinazochanganywa na hadena kabla ya kupulizwa. Nyingi za hadena hizo zina isosayaneti, kemikali isiyotoa harufu ya kuonya hadi kiwango chake kiwe kimeshapita mpaka wa usalama, na mtu aliyeanza kudhurika nayo anaweza kupata pumu ya kudumu ambayo baadaye huamshwa na kiasi kidogo mno. Hakuna kibanda cha nyumbani kinachofaa kwa rangi hiyo. Fundi wa gereji mwenye chumba maalumu na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira ndiye wa kupelekewa kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na maisha ya kutembea na dawa ya pumu mfukoni.

Sasa mahali. Kwa kawaida mchana Gisenyi hupata upepo kutoka ziwani. Nchi kavu hupata joto upesi, hewa yake hupanda, na ile iliyopoa juu ya maji husogea kuchukua nafasi. Usiku mambo hugeuka, na hewa baridi huteremka kutoka kwenye miinuko ya volkeno kwenda majini. Kwa hiyo ukuta unaofaa kutobolewa kwa kazi ya mchana ni ule uliolipa ziwa mgongo, na hewa safi iingie kwa dirisha au mlango wa upande wa ziwa. Bomba likielekezwa ziwani saa nane mchana, upepo huisukuma hewa irudi kwenye kibanda, feni ikanguruma bure na ukungu ukamrudia apulizaye usoni. Kupaka alfajiri kabla upepo haujageuka, au usiku, hupindua mpango mzima, tena saa za utulivu ndizo ambazo gesi nzito hutuama. Katika mji huu asubuhi iliyokwisha kuchangamka ndiyo wakati mwafaka: upepo umeamka, jua halijawa kali, na mvua za alasiri bado.

Mvua zina neno lake katika hili. Kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba, hewa hujaa unyevu. Vanishi ya nitroselulosi ikikauka upesi katika hewa ya namna hiyo hupoza uso wa kazi, unyevu hugandamana juu yake, na mng'ao hugeuka utandu mweupe kama maziwa. Feni kubwa haiponyi tatizo hilo. Huvuta unyevu mwingi zaidi. Dawa ni kuahirisha.

Mdomo wa bomba nje ya nyumba unahitaji kuwa juu ya kimo cha mtu, mbali na dirisha lolote, mbali na jiko la uani na kamba ya nguo. Katika mitaa ambamo ukuta wa nyumba moja unatazamana na dirisha la nyingine kwa hatua chache, huenda sharti hilo lisitimizwe, na hapo jibu la haki ni kwamba nyumba hiyo haifai kupulizia rangi ya tina. Jirani hakuuchagua uraibu wa mwenzake. Rangi ya maji na brashi zinabaki.

Baada ya tundu, feni. Kipimo kinachotumika sana katika vibanda vya kazini, kilichomo pia katika kanuni za Marekani za usalama kazini, ni hewa kuingia kwenye uso ulio wazi wa kibanda kwa mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Kwa uso wa sentimita 60 kwa 45, ambao ni mita za mraba 0.27, feni inatakiwa kuvuta mita za ujazo 0.135 kila sekunde, sawa na karibu 490 kwa saa. Vibanda vingi vya kukunja vinavyouzwa kwa wapenda vigari na vinyago vina feni ya nusu ya hapo au chini yake, tena namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa feni ikiwa peke yake mezani, bila chujio wala bomba. Feni inayotangazwa kuvuta mita za ujazo 240 kwa saa ingeleta robo mita kwa sekunde kwenye uso huo kabla ya hasara yoyote. Inaweza kumtosha apulizaye rangi ya maji kwa kalamu ndogo ya hewa, matone machache kwa wakati. Kopo la kupuliza hulimudu kwa shida, maana kopo hutema kwa dakika moja rangi ambayo kalamu ya hewa ingeitumia asubuhi nzima.

Bomba hula nguvu ya feni kuliko inavyodhaniwa. Hewa ile ya mita za ujazo 490 ikipitishwa kwenye bomba la milimita 100 hukimbia zaidi ya mita 17 kwa sekunde. Kwenye bomba la milimita 150 hushuka hadi chini ya nane. Upinzani hupungua zaidi ya mara saba kwa kuongeza milimita 50 tu za upana. Bomba la mikunjo, kama linalokuja bure na vibanda vya kukunja, huzuia zaidi kuliko bomba laini la bati, na kila kona huongeza. Fupi, pana, nyoofu. Bati linafaa pia kwa sababu linaweza kuunganishwa na waya wa ardhi, ilhali bomba la plastiki hujikusanyia umeme wa msuguano chembe zikipita, na cheche moja inatosha.

Mwinuko nao unachangia. Gisenyi hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Feni huzungusha ujazo uleule, lakini nguvu yake ya kusukuma imepungua. Katika bomba hasara hiyo hufidiwa, kwa kuwa hewa nyepesi hupita bombani kwa urahisi zaidi. Katika chujio zito haifidiwi, kwa hiyo chujio huanza kuishinda feni mapema. Mota pia hupoozwa pungufu kidogo kuliko pwani. Anayenunua feni kwa vipimo vya kiwandani afanye posho ya hasara hizo, achukue ya ukubwa unaofuata.

Aina ya mota ni suala la moto moja kwa moja. Mota yenye brashi za kaboni hutoa cheche kila inapozunguka, na feni ya rejeta iliyotolewa kwenye gari kuukuu, inayopendwa kwa kuwa inapatikana kwa bei ya chini na huendeshwa na betri, kwa kawaida ni ya namna hiyo. Haifai kukaa katika njia ya mvuke. Feni ya kompyuta haina brashi, lakini haina pumzi ya kushinda chujio na bomba. Kilicho bora ni feni ya bomba yenye mota ya induksheni ambayo mota yake imekaa nje ya mkondo wa hewa, huku swichi ikiwa mbali na kibanda. Feni ya bafuni ni ya kati: mota yake mara nyingi haitoi cheche, ila imeoga katika hewa inayopita, na haikuundwa kwa ajili ya mvuke unaowaka. Kwa rangi ya maji inaruhusika, kwa tina hairuhusiki.

Lipo kosa ambalo hata wenye feni nzuri hulifanya: kufunga mlango na madirisha ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Feni haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia. Chumba kikifungwa, mkondo hufifia, au feni huanza kuvuta hewa kutoka popote, ikiwa ni pamoja na moshi wa jiko la chumba cha pili. Mlango wa upande wa ziwa uachwe wazi kwa nafasi kubwa kuliko tundu la kutolea, na vumbi lizuiwe kwa pazia jembamba lililoloweshwa maji. Vumbi jeusi la mawe ya volkeno hupenya kila mahali Gisenyi, na pazia hilo huhitaji kufuliwa mara kwa mara.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompresa hubaki na hewa kwenye tangi lake kwa dakika kadhaa huku feni imekufa. Kishawishi cha kumalizia upande uliobaki ni kikubwa. Hapo ndipo kibanda kinapogeuka lile sanduku la kijiko cha chai. Kupuliza hukoma palepale, kazi ikafunikwa au ikaachwa iharibike.

Chujio la nyuzi hukamata ukungu tu. Mvuke hupita kana kwamba hakuna kitu. Mkaa amilifu hukamata mvuke kwa muda, kisha hujaa bila kutoa dalili, na tabaka jembamba lililowekwa kwenye vibanda vya bei ndogo hujaa upesi. Kwa sababu hiyo kibanda kinachotangazwa kuwa hakihitaji bomba, kinachorudisha hewa chumbani baada ya kuichuja, si cha kuaminiwa kwa rangi ya tina. Barakoa hufuata mantiki hiyohiyo. Barakoa ya vumbi husaidia kwa rangi ya maji. Kwa viyeyushi inahitajika ile ya mpira yenye vikasha vya mkaa, inayobana uso bila ndevu kuizuia. Hata kibanda kilichotimiza kipimo hakiiondoi haja hiyo. Mililita tano za tolueni zikipulizwa kwa dakika katika mkondo wa mita za ujazo 490 kwa saa, hewa inayotoka huwa na sehemu 170 hivi katika milioni. Iko mbali sana na kulipuka, lakini ni zaidi ya mara tatu ya sehemu 50 ambazo Umoja wa Ulaya unaruhusu kwa siku ya kazi. Kichwa kikiingizwa ndani ya kibanda ili kutazama mkunjo kwa karibu, hiyo ndiyo hewa inayovutwa.

Kuhusu sanduku hakuna mengi. Fundi wa mabati anaweza kulitengeneza kwa siku moja, likawa imara kuliko la plastiki. Kina chake kiizidi kazi kwa sentimita 20 au zaidi, ukungu usirudi kabla haujakamatwa. Katoni hufyonza rangi na huwaka, kwa hiyo haifai. Taa iwe nje ya sanduku, nyuma ya kioo. Na kwa kuwa matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 yalipasua kuta na barabara katika wilaya ya Rubavu, ilimo Gisenyi, sanduku lifungwe kwa skrubu mezani na bomba lishikiliwe ukutani, ili tetemeko dogo lisilichomoe bila mtu kugundua.

Kibanda hupimwa kabla ya rangi yoyote kufunguliwa. Ubani ukiwashwa mbele ya uso wa kibanda, moshi wake unapaswa kuingia wote kwa mstari ulionyooka, hata kwenye pembe za chini. Ukizunguka na kutoka tena, chujio limeziba au mlango haukufunguliwa vya kutosha. Ubani huzimwa kabisa na kutolewa nje kabla ya kopo kuguswa. Feni huwashwa kabla ya kupuliza na huachwa ikizunguka angalau robo saa baada ya kumaliza, maana rangi mbichi huendelea kutoa mvuke. Chujio lililokakamaa hubadilishwa. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta, hasa yenye mafuta ya kitani, hutandazwa nje vikauke kimoja kimoja au hutumbukizwa katika kopo la maji, kwa kuwa vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka. Tina iliyotumika kuoshea haimwagwi mtaroni, kwani maji ya mitaro ya Rubavu huishia katika mto Sebeya na ziwani. Huwekwa katika kopo la bati lenye kifuniko, ikaachwa siku kadhaa mpaka rangi ishuke chini. Iliyo safi juu hutumika tena, na tope linalobaki hukaushwa nje, mbali na moto, kabla ya kutupwa.